Tunataka kufuga farasi na elki huku Minnesota, wenye uzoefu njooni hapa

Namnyaki

Habari zenu wakuu, wakubwa shikamooni. Naombeni ushauri maana hili jambo limetukaa kichwani mimi na mume wangu muda mrefu na sasa tunaona wakati wake umefika. Tuko Minnesota, Marekani, mimi nafanya kazi nyumba ya wazee, mume wangu anaendesha lori, watoto wameshaanza shule, na tumeweka akiba ya kununua shamba kaskazini kidogo. Tunaloangalia lina ekari 40, nyumba ya zamani, banda kubwa la mbao, nusu majani nusu msitu.

Ndoto zenyewe ni mbili. Yangu ni farasi. Nimekulia Simanjiro kwenye ng'ombe na punda, nilipofika huku nikapata kibarua cha wikiendi kusafisha mabanda ya farasi kwa mama mmoja hivi na toka hapo moyo wangu uko kule kule, nikiwa na farasi nasahau uchovu wote wa zamu ya usiku. Ya mume wangu ni elki. Kwa ambao hamjawahi kuwaona, ni mnyama wa jamii ya kulungu ila mkubwa sana, dume anafika kilo 300 mpaka 400 na wengine wanazidi, shingo ina manyoya ya giza, matako meupe, na pembe za matawi ambazo zinadondoka kila mwaka zinaota upya. Alikuwa anapeleka marobota ya nyasi kwa mfugaji mmoja mwezi wa tisa akawasikia madume wanalia, ule mlio unaanza chini chini unapanda mpaka unaishia kwenye mluzi mkali, akarudi nyumbani hana stori nyingine.

Sasa maswali yetu. Farasi na elki wanaweza kukaa malisho mamoja? Kuna mtu anatuuzia ndama dume wa elki aliyelelewa kwa chupa, mpole kabisa anafuata watu, mume wangu kampenda, tumchukue? Na soko lake likoje, maana ndugu wote wa nyumbani wanatuambia tumerukwa na akili, na mimi nataka kuwajibu kwa hesabu sio kwa hisia.

chuma_cha_pua

Dada ekari 40 ungeweka ng'ombe wa nyama ukapumzika. Au hiyo hela ukaja kujenga huku Kibaha ukawa unakula kodi kila mwezi. Mnyama pori ni mnyama pori, sisi tunamwacha mbugani.

Namnyaki

Asante kaka kwa ushauri ila kiwanja nyumbani tunacho na hilo ni suala lingine. Hapa tunaongelea maisha yetu tunayoishi kila siku, watoto wetu wanakulia huku na mimi nataka waamke wakute mifugo uani kama nilivyoamka mimi. Ng'ombe sijawakataa. Ila ndoto yetu ni hii.

BabaNeema_Alberta

Dada Namnyaki salamu kutoka Alberta, Kanada. Nimefanya kazi kwenye shamba la elki huku misimu kadhaa, naanza na lile la ndama wa chupa maana ndilo lililonishtua. MSIMCHUKUE HUYO DUME. Mwambie shemeji pole pole maana najua keshampenda. Dume aliyekua na mama yake anamwogopa mtu na hiyo hofu ndiyo inayokulinda wewe, aliyelelewa kwa chupa hana hofu, anakuona we ni mwenzake, sasa ngoja ifike mwisho wa mwezi wa nane amalize kusugua ile ngozi ya pembe kwenye miti, shingo imevimba, anakojolea tumbo lake mwenyewe, basi anakutafuta WEWE ndio apigane na wewe. Dalili zake anainua pua juu, anakunja mdomo wa juu mpaka yale meno yake mawili ya pembeni yanaonekana, na unasikia anasaga meno. Ukiyaona hayo na we uko ndani ya uzio umeshachelewa. Mpaka katikati ya mwezi wa kumi hivi hamna mtu kuingia kwa dume kwa miguu, hata kama ni yule yule uliyemlisha mkononi mwezi wa tano.

Jike wa chupa ni habari nyingine kabisa, huyo mkipata mchukueni. Ukiwa na jike mmoja aliyezoea ndoo ya shayiri ukitikisa tu anakuja na kundi lote linamfuata mpaka ndani ya korido, na bila huyo mtazunguka malishoni mpaka jioni kuwaingiza. Ila naye akiwa na ndama mdogo mpe nafasi, anapiga kwa miguu ya mbele na anapiga kweli.

Elki sio ng'ombe. Ng'ombe unampigia kelele anasogea, elki ukimpigia kelele anaruka, na uzio wa futi 5 kwake ni kitu cha kuvuka bila hata kukimbia. Huku tulikuwa tunawapitisha kwenye korido ya mbao yenye kuta ndefu zilizoziba, taa hafifu, watu kimya, mtu mmoja tu ndo anaongea tena kwa sauti ya chini. Mwisho wa korido kuna krashi yake maalum ina kuta zenye godoro pande zote mbili zinambana taratibu. Mwezi wa sita ndo kazi ya pembe, zile pembe changa bado zina damu ndani na manyoya laini nje, pembe inakuwa kwa kasi mpaka karibu sentimita 2 na nusu kwa siku. Daktari anapiga sindano za ganzi kuzunguka mzizi wa pembe, anafunga mpira kuzuia damu, unasubiri, unagusa kwanza kuhakikisha hasikii, ndo msumeno unapita. Pembe inageuzwa kichwa chini mahali ilipokatwa pawe juu ili damu isimwagike, inaenda friza hivyo hivyo. Mnyama akitoka pale anaenda kula majani. Na dume aliyekatwa pembe anaingia msimu wa kupandana akiwa na hatari ndogo zaidi kwa wenzake na kwa nyinyi.

Sasa soko, hapa naomba mnisikilize vizuri. Hizo pembe wanunuzi wakubwa ni Korea Kusini na China, ni dawa za asili kule. Miaka ya 90 watu huku walinunua majike kwa bei za kutisha, kila mtu alitaka elki. Mwisho wa mwaka 2000 Korea ikafunga mlango kwa elki wa Kanada na bidhaa zake kwa sababu ya CWD, ule ugonjwa wa ubongo unaoua jamii ya kulungu, bei ikaanguka na familia nyingi zikauza mashamba. Kwa hiyo hesabu zenu zisisimame kwenye pembe peke yake. Kuna nyama, kuna kuuza mitamba ya mbegu, kuna pembe kavu zilizodondoka zenyewe ambazo watu wananunua kwa mapambo na za kutafuna mbwa. Nyama ya elki ni tamu haina mafuta mengi, lakini Marekani ukaguzi wake wa serikali ni wa hiari na unalipia mwenyewe, sio kama ng'ombe ambaye ukaguzi wa kawaida unalipwa na serikali, hiyo gharama iweni nayo kwenye daftari toka mwanzo.

Kimani_StCloud

Sasa dada, karibu sana, tuko jimbo moja. Wacha niongeze ya sheria na ya fensi juu hapa ndio watu huumia.

Kwanza kila jimbo na sheria yake, usisome ya Texas ukadhani ni ya hapa. Montana watu walipiga kura mwaka 2000 wakakataa mashamba mapya ya wanyama hawa, Wyoming hawataki kabisa. Hapa Minnesota sheria ya 2023 ilifunga usajili mpya wa mashamba ya kulungu wa mkia mweupe, hao wakahamishiwa idara ya maliasili, lakini elki bado wako chini ya Bodi ya Afya ya Wanyama ya jimbo. So kabla hata hujalipa deposit ya shamba piga simu kwa bodi uwaulize hiyo ploti iko eneo gani na kuna masharti gani, manake kama kuna kulungu mgonjwa alipatikana hapo karibu mambo ni mengine.

Pili fensi. Sheria inataka futi 8, inchi 96. Ekari 40 za mraba mzunguko wake ni maili moja kamili, futi 5,280, ukiweka nguzo kila futi 20 ni nguzo 264 bado kona na mageti. Na ardhi huku ikiganda haichimbiki so kazi ni ya kiangazi tu. Si lazima uzungushe zote. Ekari 10 za mraba ni futi 2,640, nguzo 132, hiyo mtu anaweza maliza msimu mmoja na mume na mashine ya kukodi. Anza na hiyo. Na utembee hiyo fensi kila wiki, mti ukianguka juu yake usiku na elki wako wakatoka si hasara yako peke yako, ni kesi.

Tatu CWD yenyewe. Ilionekana kwanza 1967 kwa kituo cha utafiti Colorado, hapa Minnesota ikapatikana kwa elki wa kufugwa 2002. Haina dawa, haina chanjo, mnyama anaweza kaa nayo zaidi ya mwaka akiwa anaonekana poa kabisa kisha anaanza kukonda, mate yanatiririka, masikio yameanguka. Kinachosababisha ni prioni, protini imeharibika, na inakaa kwa udongo miaka mingi. Kipimo cha uhakika huchukuliwa ubongo na tezi za kooni mnyama akishakufa. So hapa mnyama wako mkubwa akifa ama ukichinja, lazima sample iende, kila mmoja ana hereni na namba, na daftari lako likaguliwe. Kuna mpango wa serikali kuu wa kuthibitisha kundi, miaka 5 ya kufuatiliwa bila ugonjwa ndio unapewa hati, na bila hati huwezi kuuza nje ya jimbo. Ukinunua, nunua kwa kundi lenye hati tayari, juu kundi lako linachukua daraja la yule wa chini kabisa kati ya wale umenunua. Elki mmoja wa bei rahisi bila karatasi anaweza kukurudisha mwanzo.

Mkopo kuna ile microloan, mkopo mdogo wa wakulima, ya FSA, wakala wa serikali kuu wa huduma za kilimo, ya mpaka dola 50,000, nendeni ofisi ya kaunti mkaulize mapema, lakini mjue farasi wa kupanda kwa raha hao hawawaoni kama mifugo ya kilimo. So andikeni mpango wa elki na nyasi kando, farasi kando.

Namnyaki

Kaka Kimani Mungu akubariki, hii ya kupiga simu bodi kabla ya deposit tungeipita kabisa. BabaNeema, mume wangu kasoma mara mbili hakusema kitu, kaenda nje. Akarudi kaniambia basi tutafute jike.

SaisiMstaafu

Mama, mimi niko Nairobi, nimekuwa saisi, mtunza farasi, Ngong Racecourse na baadaye kwa watu binafsi Karen, farasi ndio maisha yangu yote. Elki siwajui ila farasi nitakuambia.

Usinunue farasi mmoja. Farasi peke yake anaugua roho, atatembea fensi mchana kutwa mpaka anatengeneza njia, atakula mbao. Nunua wawili, wa umri, miaka 10 mpaka 15, wawe wamehasiwa ama majike watulivu, usidanganyike na farasi mchanga wa miaka miwili eti mtakua naye. Na kabla ya kulipa, daktari wako wewe, si wa muuzaji, amwangalie miguu, macho, meno na amsikilize moyo. Huko Marekani pia wana kipimo cha Coggins, damu ya ugonjwa wa anemia ya farasi, uliza karatasi.

Chakula, farasi wa kilo 500 anataka nyasi kavu karibu kilo 10 kwa siku. Huko kwenu theluji inakaa miezi, piga hesabu ya miezi 6 ni tani 1 na pointi 8 kwa kila farasi, wawili karibu tani 4 na hujahesabu ya kuharibika. Nyasi nunua mwezi wa sita na wa saba zikiwa mpya, fungua robota moja katikati, weka pua ndani, ukisikia harufu ya vumbi la ukungu usichukue hata kama ni bure. Ng'ombe anaweza kuvumilia, farasi hapana, hawezi kutapika huyu, kibaya kikiingia kimeingia.

Kila asubuhi kabla hujafanya kitu kingine fanya hivi. Angalia mavi ya usiku, yapo ama hayapo, makavu ama ya kawaida. Weka sikio lako ubavuni nyuma ya mbavu ya mwisho, kulia na kushoto. Unataka kusikia tumbo linanguruma. Kimya ni hatari, ukisikia kimya na anaangalia ubavu wake na anakwaruza chini na mguu piga daktari saa hiyo, mtembeze taratibu ukimsubiri na usimpe chakula. Wakati wa baridi ugonjwa huu wa tumbo unakuja kwa sababu maji ni baridi sana na farasi anakunywa kidogo, chakula kinakauka ndani. Tafuteni tangi la maji lenye hita na jiwe la chumvi. Kwato fundi apitie kila wiki 6 mpaka 8, na wewe mwenyewe uzichokoe kila siku, theluji inajazana chini inakuwa mpira mgumu farasi anateleza.

Kuhusu uzio, ule waya wa matundu makubwa wa wanyama pori usiwawekee farasi, kwato inaingia, farasi akishikwa anavuta mpaka ngozi inatoka. Waya wa farasi una matundu ya inchi 2 kwa 4, kwato haipiti, na juu piga ubao mmoja auone. Seng'enge ya miiba usiikaribishe kabisa.

BwanaMifugo_Moro

Wakuu nimesoma uzi wote nimefurahi sana, watu mnamwaga nondo. Mimi ni bwana mifugo Morogoro, nachangia ya magonjwa na ya kuchanganya, maana lile swali la kwanza la dada halijajibiwa moja kwa moja.

Malisho mamoja hapana, hasa kwa wanaoanza. Farasi anawafukuza wenzake kwenye chakula na anaweza kumkimbiza ndama mpaka amuue, na dume la elki mwezi wa tisa halitamwelewa farasi. Wawe jirani, kati yao acheni njia ya kupita trekta, uzio huku na uzio huku, farasi wapate muda wa kuzoea ile harufu kwa mbali. Farasi wengi wakinusa elki mara ya kwanza wanapagawa, hivyo siku ya kuleta elki farasi wafungiwe bandani.

Chakula msichanganye kabisa. Kuna dawa inaitwa monensin inatiwa kwenye vyakula vya ng'ombe na wanyama wengine wanaocheua, kwa ng'ombe haina shida, kwa farasi ni sumu ya moyo, kiasi kidogo tu kinamuua na haina tiba. Koleo la elki liwe la elki, ndoo ya farasi iwe ya farasi, na gunia msome kila mara hata kama ni chapa ile ile. Upande wa madini elki anahitaji shaba ya kutosha, akikosa manyoya yanapauka na ndama wanatoka dhaifu, kwa hiyo jiwe la kulamba la kondoo halimfai maana hilo limetengenezwa na shaba kidogo makusudi.

Na hapo kwenye kondoo dada wewe wa Simanjiro utanielewa haraka. Unajua wafugaji wa umasaini wanavyohamisha ng'ombe nyumbu wakianza kuzaa, kwa sababu ya ule ugonjwa ng'ombe anapofuka macho, pua inatoa makamasi mazito na anakufa wakati nyumbu mwenyewe mzima. Sasa huko Marekani nyumbu hamna lakini kondoo wanabeba kirusi cha ukoo huo huo, wao hawaugui, ila jamii ya kulungu na nyati wa huko wanaweza kuugua. Kama jirani ana kondoo upande wa pili wa uzio muijue mapema, na nyie msiweke.

Kingine cha huko kwenu ni mnyoo wa ubongo. Kulungu wa mkia mweupe anaishi nao bila shida, vijinyoo vichanga vinatoka na mavi, konokono wanavibeba, elki anakula konokono pamoja na majani mnyoo unapanda uti wa mgongo mpaka kichwani. Ukiona elki anazunguka duara, kichwa kimeinama upande, miguu ya nyuma inayumba, fikiria huo. Konokono wanapenda unyevu na kivuli cha msitu, kwa hiyo ule upande wenu wa msitu na madimbwi msiwape elki, hizo ekari 10 za kaka Kimani zitoke kwenye sehemu kavu ya majani.

Namnyaki

Jamani. Nimemsomea mume wangu yote kwa sauti jana usiku na tumeandika kwenye daftari. Hiyo ya nyumbu baba yangu alikuwa anahama kila mwaka kwa sababu hiyo na sikuwahi kufikiri nitaikuta huku.

Tumeamua hivi, mtusahihishe. Kesho nampigia mtu wa bodi. Shamba likipita tunaanza na farasi wawili watu wazima, banda lipo, uzio wao mdogo na nyasi tunanunua mwezi wa sita. Kiangazi kile kile mume wangu anaanza nguzo za ekari 10 upande mkavu, na korido anataka aijenge kabla mnyama yeyote hajaingia. Elki wanakuja mwaka unaofuata, mitamba mitatu toka kundi lenye hati na mmoja awe wa chupa kama tukipata. Dume hatuchukui kwanza. Swali la mwisho, mitamba itakaa bila dume bila shida? Na wakishika mimba nifanye nini siku ya kuzaa, maana ng'ombe nimezalisha, elki sijui.

BabaNeema_Alberta

Hapo mmepanga vizuri sana dada, na mwambie shemeji korido kwanza ni akili kubwa. Mitamba inakaa bila dume bila shida yoyote ili mradi wasiwe peke yao, elki mmoja peke yake anatembea uzio mpaka anakonda. Mtamba wa elki anapandishwa akiwa na mwaka na miezi kama minne, mimba ni miezi nane na nusu, hivyo akipandwa mwezi wa tisa anazaa mwisho wa mwezi wa tano au wa sita. Dume mnaweza kukodi msimu huo akarudi kwao, lakini naye lazima atoke kundi lenye hati, au uhimilishaji, yaani kupandikiza mbegu bila dume, daktari wenu atawaambia nani anafanya karibu na hapo.

Siku ya kuzaa usiende kumsaidia kama ng'ombe, ukimsogelea anasimamisha kuzaa anaanza kukimbia. Kaa mbali na darubini. Kama miguu imetoka na saa mbili zimepita hamna maendeleo hapo ndo daktari aitwe. Akishazaa anamlamba, anamnyonyesha, halafu anamlaza kwenye majani marefu anaondoka zake, utadhani kamtelekeza, hajamtelekeza, anarudi mara chache kwa siku kunyonyesha. Acheni sehemu ya majani bila kukata kwa ajili hiyo. Hereni mvisheni ndama siku ile ile au kesho yake asubuhi, mmoja anamvuta mama kwa ndoo ya shayiri nyuma ya geti, mwingine anamaliza kazi haraka na glovu mkononi, ndama mwenyewe atalala kimya bila kujitikisa. Siku ya tatu humkamati tena.